Bwana Afya Anaweza Kumfungia Nani?

Katika kitabu chake cha kumwongoza mkaguzi wa soko, Abd al-Rahman al-Shayzari, mwanachuoni wa Shamu wa karne ya 12, hakumwacha mwoka mikate apumue. Dari la jiko liwe juu na lenye matundu mapana ya kutolea moshi. Mkanda unga asikande kwa miguu, wala kwa magoti, wala kwa viwiko. Afunge kitambaa mdomoni, maana akizungumza au akipiga chafya mate yanaweza kudondokea kwenye unga. Afunge kitambaa cheupe kwenye paji la uso kuzuia jasho, anyoe malaika ya mikono, na mchana asimame mtu mwenye usinga wa kufukuza nzi.

Aliyeagizwa kuyasimamia haya ni muhtasib. Hakuwa tabibu. Alikuwa mtu wa sheria, aliyewekwa na mtawala kuamrisha mema na kukataza maovu sokoni na barabarani: mizani, nyama, hamamu, wauza dawa, hata matabibu wenyewe, ambao walitakiwa kula kiapo cha Hippocrates mbele yake. Wachinjaji walikatazwa kuchinja mlangoni pa duka, damu isije ikatapakaa njiani. Wabeba maji waliamriwa kuchota mbali na vyoo na maji machafu ya hamamu. Na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kujua siri za kila kazi, muhtasib alitakiwa kuwa na mtu mwaminifu katika kila fani, anayezijua hila za wenzake. Al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1058, alimwekea mpaka: ashughulike na yaliyo dhahiri, asipeleleze yaliyofichwa majumbani mwa watu.

Naanzia huko kwa sababu tukizungumzia idara za afya za halmashauri au za kaunti, huwa tunaanza na mkoloni, kana kwamba kabla yake hakukuwa na mji uliowahi kujiuliza nani alinde chakula na maji ya watu. Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, penye kazi za kaunti. Utakuta zahanati na magari ya wagonjwa, lakini pia leseni na udhibiti wa biashara zinazouzia umma chakula, makaburi na nyumba za kuhifadhia maiti, uzoaji wa taka na majaa. Muhtasib wa Shamu angeisoma orodha hiyo na kuiona kazi yake.

Kazi zenyewe, basi, hazijabadilika sana kwa miaka 800. Kinachotenganisha mapokeo ya mji mmoja na mwingine ni uwezo wa ofisi hiyo, na hasa uwezo juu ya nani. Je, inaweza kumfungia mwoka mikate peke yake, au inaweza pia kumfikia mwenye nyumba kumi za kupangisha, kampuni ya maji, na halmashauri yenyewe inayoilipa mishahara? Hilo ndilo swali ninalotaka tuwapimie wenzetu, kisha tujipimie sisi.

Mwaka 1847 mji wa Liverpool, bandari iliyotajirika kwa biashara ya watumwa na baadaye pamba, ulimwajiri Dkt. William Henry Duncan kuwa mganga wa afya wa mji, wa kwanza Uingereza. Duncan alikuwa ameshatumia miaka kadhaa kuonyesha kwa hesabu kwamba maelfu ya familia zinaishi kwenye vyumba vya chini ya ardhi visivyo na dirisha wala mfereji, na kwamba huko ndiko homa zinakozaliwa. Mwaka huohuo njaa ya Ireland ilileta bandarini watu wapatao 300,000, na pamoja nao tifasi. Mji uliomwajiri daktari mwezi Januari ulijikuta unazika kwa wingi kabla mwaka haujaisha.

Jambo la kuliangalia kwa karibu ni kwamba Duncan hakuwekwa peke yake. Chini ya sheria ya Liverpool ya 1846, mji ulikuwa na watu watatu: yeye, mhandisi wa manispaa James Newlands, na mkaguzi wa kero Thomas Fresh. Daktari alihesabu vifo na kusema vinatokea wapi. Mkaguzi aligonga milango. Mhandisi alichimba mifereji ya majitaka na kuipanga kwenye ramani ya mji mzima. Manispaa ikazinunua kampuni binafsi za maji, na miaka kumi baadaye maji ya mabwawa ya Rivington, nje ya mji, yakaanza kufika Liverpool. Mtu akimuuliza Duncan, "Umesema maji ni machafu, sasa tufanyeje?", mwenye koleo alikuwa chumba cha pili.

Lakini tusiipambe Liverpool. Nguvu ya kwanza ya sheria ile iliwaangukia wanyonge. Maelfu walitolewa kwenye vyumba vile vya chini bila kuandaliwa pa kwenda, wakabanana vyumba vya juu. Kumhamisha mpangaji kulikwenda upesi kuliko kumlazimisha mwenye nyumba kujenga choo. Tabia hiyo ilisafiri baharini na kufika kwetu, na tutaikuta mbele.

Kilichoirekebisha kidogo ni karatasi. Kuanzia 1855 kila mamlaka ya mtaa ndani ya London ililazimika kuwa na mganga wake wa afya, na waganga hao wakawa wanaandika ripoti kila mwaka. Zimehifadhiwa zaidi ya 5,000, kuanzia za mwaka 1848 hadi za 1972. Humo mna vifo vya watoto wachanga kwa maeneo, nyumba zilizokaguliwa, vyoo vilivyozibuliwa, nyama mbovu iliyokamatwa na kuharibiwa. Ziliwasilishwa kwenye mabaraza ambayo baadhi ya wajumbe wake walikuwa ndio wenye nyumba zile mbovu, na zilichapishwa, zikasomwa na wapiga kura. Ripoti za Dkt. John Simon kuhusu kitovu cha London zilichapishwa hadi magazetini. Mganga aliyesema ukweli alihatarisha kibarua chake. Ilichukua hadi 1921 kwa sheria kuwalinda wasifukuzwe na baraza bila ridhaa ya waziri. Wadhifa huo ulifutwa mwaka 1974, kazi ikahamishiwa kwenye huduma ya taifa ya afya, na mwaka 2013 ikarudishwa kwa halmashauri. Na iliporudi, ilirudi na masharti mawili ya kisheria: mkurugenzi wa afya ya umma lazima aandike ripoti huru kila mwaka, na halmashauri lazima iichapishe hata kama haiipendi.

Pwani yetu nayo ilikuwa na njia yake. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliitikisa Unguja vibaya. Dkt. James Christie, aliyekuwa akitibu watu Mji Mkongwe wakati huo, alikifuatilia kutoka Arabuni hadi bara na pwani ya Afrika Mashariki, akaandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1876 ambacho hakiwaonei haya wakazi wala watawala kuhusu uchafu wa visima vya mji. Sayyid Barghash, aliyeshika usultani mwaka 1870, alileta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi Mji Mkongwe kwa mfereji na mabomba. Si kwa sheria ya afya wala kwa bodi ya mji. Kumpa mtu maji ni katika sadaka zenye malipo makubwa, na pwani nzima, tangu Lamu hadi Kilwa, imejaa visima vilivyochimbwa na watu waliotaka thawabu iendelee baada ya kufa kwao.

Nayaheshimu sana mapokeo haya. Yalimfikishia mtu maji bila kumtoza faini kwanza. Upungufu wake ni kwamba sadaka haina wa kuulizwa. Mfadhili akifariki, bomba likapasuka, mwananchi hana ofisi ya kwenda kupiga kelele.

Mkoloni alileta ofisi. Mwaka 1902 tauni ilipozuka Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya mganga. Mwaka 1913, baada ya tauni nyingine, Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza, na pendekezo lake kuu likawa kuwatenga watu kwa rangi. Dar es Salaam nako uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo watu wanaukatiza wakienda na kurudi Kariakoo, ulikuwa ukanda wazi wa kutenganisha makazi ya Waafrika na mji wa wengine, kwa hoja ya afya. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, ilianza kutumika mwaka 1921 na bado imo vitabuni. Ndani yake kuna vifungu vingi vizuri kuhusu kero, maji na chakula, vilivyochukuliwa kutoka Uingereza. Ila viliposafiri, nusu ilibaki Liverpool. Alikuja Fresh wa kugonga milango. Newlands wa kuchimba mifereji alipelekwa kwanza vitongoji vya Wazungu. Wala hakuja mpiga kura wa kuisoma ripoti. Ndiyo maana kwa vizazi vingi bwana afya alipoonekana kijijini, watu walikumbuka kesi ya choo kabla ya kukumbuka dawa.

Tanzania huru ilijaribu kulivunja hilo, na mfano wake unastahili kujulikana zaidi ya unavyojulikana. Mwaka 1973 ilianza kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili, nchi nzima, walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio pamoja. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu, wakajadiliana, wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji. Malaria, kichocho, kuhara na minyoo vilielezwa kwa Kiswahili cha kila siku. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, bila askari kusimama mlangoni. Hapo mwanakijiji hakuwa mkaguliwa. Yeye na jirani yake walijikagua wenyewe.

Lakini miaka ileile Serikali ilizifuta halmashauri, za wilaya mwaka 1972 na za miji muda mfupi baadaye, ikapeleka madaraka mikoani mikononi mwa watumishi wa Serikali Kuu. Huduma za miji zikaporomoka. Taka zikalala, mifereji ikaziba, na mwishoni mwa muongo kipindupindu kikaenea nchini. Mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya muda kuzirudisha halmashauri za miji, na sheria za 1982 zikazirudisha zote. Funzo hilo tulilipia sisi wenyewe, hatukulisoma kwenye kitabu cha Mwingereza: watu waliohamasika hawawezi kuzoa taka za Dar es Salaam kwa mikono, na mkoa hauwezi kujua mtaro upi umeziba Manzese.

Anayedhani matatizo haya ni ya nchi maskini aangalie Flint, katika jimbo la Michigan. Marekani ina idara za afya za mitaa zaidi ya 2,000, nyingi za kaunti, zenye sheria na wataalamu. Mwezi Aprili 2014 mji wa Flint, ukiendeshwa na meneja wa dharura aliyewekwa na gavana, uliacha kununua maji ya Detroit na kuanza kutumia ya mto wake ili kubana matumizi, bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu. Maji yakala mabomba, madini ya risasi yakaingia majumbani. Mwaka huohuo homa ya mapafu ya Legionnaires ilianza kuua. Walikufa watu wasiopungua 12. Idara ya afya ya Kaunti ya Genesee, ulimo mji wa Flint, ilishuku maji. Ilipotaka kumbukumbu za mtambo wa maji, ilifika mahali, Januari 2015, msimamizi wake wa afya ya mazingira akawasilisha ombi rasmi chini ya sheria ya uhuru wa habari, sheria ambayo mwandishi wa habari au raia yeyote huitumia. Ofisi iliyopewa jukumu la kulinda afya ya watu wale ilisimama kwenye foleni kama mpita njia.

Kaunti ilitangaza dharura tarehe 1 Oktoba 2015, baada ya Dkt. Mona Hanna-Attisha, daktari wa watoto, kuonyesha hadharani kwamba risasi imeongezeka katika damu za watoto. Idara hiyo ingeweza kuufunga mgahawa wowote wa Flint siku moja kwa kukuta panya jikoni. Meneja wa dharura hakuwa mgahawa.

Sasa turudi nyumbani. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea nchini hadi wagonjwa kupindukia 30,000 na vifo zaidi ya 500 katika miaka iliyofuata, tuliona utaratibu tunaoujua wote. Wa kwanza kuzuiwa ni mama lishe, muuza matunda yaliyokatwa na muuza maji ya vifuko. Sisemi waachwe. Mama anayeosha sahani 60 kwenye ndoo moja ni hatari kweli, na afisa afya anayemsimamisha anatimiza wajibu wake. Lakini fuata maji ya ndoo ile. Bomba ni la mamlaka ya maji, iliyo chini ya Wizara ya Maji. Mtaro uliofurika mbele ya meza yake, kama uko kando ya barabara ya mtaa, ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Taka zilizouziba mtaro ni za halmashauri, ambayo ndiyo mwajiri wa afisa afya. Kati ya wote hao, ambaye afisa huyu anaweza kumwandikia faini leo asubuhi na akailipa ni mama mwenye ndoo.

Nairobi hali ni ileile kwa sura nyingine. Kaunti inatoa leseni kwa wauza chakula, na kaunti hiyohiyo inamwaga taka Dandora, jaa lililotangazwa kujaa zaidi ya miaka 20 iliyopita, lenye watu na shule pembeni yake. Muuza chapati asiye na cheti cha afya atakutana na kanjo, askari wa kaunti. Dandora itakutana na nani?

Hata hivyo, kuna kitu tunacho ambacho Liverpool haikuwa nacho na Genesee ingekitamani. Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba, watu walianza kufa kwa homa, kutapika na kutokwa damu. Tarehe 21 Serikali ilitangaza kuwa ni Marburg, ugonjwa ambao Tanzania haikuwahi kuuona. Wagonjwa wote walikuwa 9, waliofariki 6, mmoja wao mhudumu wa afya. Watu 212 waliokutana nao walifuatiliwa. Kumfuatilia mtu siku 21 maana yake ni kufika kwake kila siku, kusimama mbali kidogo, kumpima joto, kumuuliza amelalaje, kumwomba asiende msibani hata kama aliyefariki ni shemeji yake, na kesho kurudi tena ukiwa bado unakaribishwa. Kazi hiyo haifanywi na mgeni aliyeshuka kwenye gari. Inamhitaji mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwenyekiti wa kitongoji, wanaojua nani ni mke wa nani na nani aliondoka jana kwenda kisiwani. Tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kwisha.

Mkoa huohuo, Januari 2025, Marburg ilirudi, safari hii Biharamulo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari tarehe 14. Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais akatangaza kwamba mgonjwa amethibitishwa. Hadi mlipuko unaisha walikuwa wamefariki watu 10. Katika siku zile sita mkazi wa Biharamulo alitegemea habari kutoka Geneva na Dodoma, ilhali mganga mkuu wa wilaya yake alikuwa umbali wa pikipiki.

Hapa ndipo naona pengo letu hasa. Takwimu hatukosi. Zahanati zinajaza vitabu, vitabu vinaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, na mfumo unapandisha taarifa mkoani, wizarani na kwa wafadhili. Kinachokosekana ni ile karatasi ya London: ripoti ya mwaka ya mganga mkuu wa halmashauri, kwa Kiswahili, kata kwa kata, inayosema watoto wangapi walihara, visima vingapi vilikutwa na vijidudu, nani aliandikiwa barua kuhusu mtaro na akajibu nini, ibandikwe ofisi ya kata hata kama inamwaibisha mwenyekiti wa halmashauri, na sheria imlinde aliyeiandika. Sheria ya Afya ya Umma ya Tanzania ya 2009 imempa afisa afya mamlaka mapana ya kuingia, kukagua na kushtaki. Wabunge wakiifungua tena, waongeze wajibu huo wa kuchapisha na ulinzi huo. Gharama yake ni ndogo kuliko kambi moja ya kipindupindu.

Na wewe msomaji usingoje wabunge. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi kisheria, na Katiba ya Kenya, kifungu cha 196, inaliagiza bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani. Nenda na majirani wawili watatu kwenye kikao kijacho. Muulizeni diwani wenu ni wagonjwa wangapi wa kuhara walioandikwa kwenye zahanati ya kata mwaka jana, maji ya mtaa wenu yalipimwa lini mara ya mwisho, na taasisi gani ya umma iliwahi kupewa notisi na bwana afya. Majibu mtakayopewa yaandikeni na kuyabandika pale watu wanapochota maji.